Mkulima kwenye Usukani

Niliendesha gari nikiwa na dawa mwilini, na dawa hiyo niliandikiwa na daktari. Niliimeza kama nilivyoandikiwa: kidonge kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja jioni. Naliweka hili mbele kwa sababu Rumonge nzima imeshanisimulia kwa namna yake. Wapo wanaosema nilikuwa nimelewa. Mimi, ambaye tangu niokoke sijaonja hata pombe ya ndizi ya harusini! Wapo wanaosema nilikuwa nazungumza na simu, na simu yenyewe ilikuwa imezimika tangu Kabezi. Polisi walinipulizisha kwenye kile chombo chao mara mbili pale Minago, mtu amelala chini hatua chache kutoka miguuni mwangu, na mara zote mbili chombo kikaonyesha sifuri. Yule polisi akanitazama kama mtu aliyetapeliwa.

Mgongo wangu uliharibiwa na mawese. Kamyo niliyokuwa naendesha ilikuwa ya mama mmoja wa hapa mjini, mfanyabiashara, mtu wa swala tano, anayenunua mawese kwa wakamuaji na kuyapeleka Bujumbura. Nilikuwa juu ya mzigo nafunga turubai, nikakanyaga bidoni, dumu la mafuta, lililokuwa limevuja, nikateleza nikaanguka chini kwa kiuno. Nililala pale chini kwa muda nikitazama mbingu na kusikia watu wakicheka, maana shofere akianguka kwenye mzigo wake mwenyewe kila mtu anacheka kwanza. Walipoona sisimami, wakaacha.

Hospitalini, kabla hujamwona mtu yeyote anayejua kitu chochote kuhusu mgongo, unamwona karani. Karani hakuulizi unaumwa wapi. Anataka karangamuntu yako, kitambulisho, na kila kilichoandikwa mle anakinakili kwenye fishi ya mgonjwa bila kuinua macho. Jina, baba, mama, kilima ulichozaliwa, kazi. Kwenye kazi, yangu imeandikwa mkulima.

Hapa lazima nieleze, la sivyo nitaonekana mwongo kabla ya wakati. Mimi nilibebwa mgongoni kwenda Tanzania na nikarudi nikiwa na watoto wangu mwenyewe. Udereva nilijifunzia kwenye kambi ya wakimbizi, kwenye gari la maji, na huko ndiko nilikopata Kiswahili hiki ninachoandikia. Jembe sikuwahi kulishika kwa haja ya kulishika. Tuliporudi, tulipangwa mstari nje ya ofisi ya komine ili tupewe vitambulisho, na habari ikapita kutoka mdomo hadi mdomo: ukiulizwa kazi, sema mkulima. Mbele yangu alisimama mwalimu wa hesabu, nyuma yangu fundi cherehani. Wote tukaandikwa wakulima. Sababu ilikuwa moja tu, mashamba. Shamba la baba yangu lilikuwa na watu ndani yake, watu waliolipanda michikichi na kuzika wazee wao humo, na mimi nilikuwa nataka lirudi. Ungeenda mbele ya wale waamuzi wa ardhi na kitambulisho kinachosema wewe ni dereva, wangekuuliza shamba unalitakia nini. Basi nikawa mkulima wa karatasi, na nikalishika neno hilo kwa meno.

Kwa hiyo siku ile hospitalini nilimwona karani akiandika mkulima, nikanyamaza. Kesi ya shamba ilikuwa haijaisha. Mtu mwenye kesi ya ardhi hatoi maneno mawili kwenye ofisi mbili, hata ofisi yenyewe iwe ya kupima homa. Nani ajuaye fishi inakwenda wapi ikitoka pale? Hofu hiyo ukiisikia Bujumbura utaicheka. Huku kwetu hakuna anayeicheka.

Daktari alikuwa kijana mzuri, mwenye haraka. Aliniminya mgongo, nikapiga ukelele, akatazama picha kwenye mwanga wa dirisha, akasema mfupa haukuvunjika ila maumivu yatakaa. Akaangalia fishi.

"Wewe iko mukulima, muzee?"

"Ndiyo, dogteri."

"Basi usikie vizuri. Wiki mbili usishike jembe. Usiiname, usibebe kitu kizito. Shamba itakungoja. Umeelewa?"

"Nimeelewa, dogteri. Murakoze."

Nilitoka na ordonansi, karatasi ya dawa, nikicheka moyoni. Nilikuwa nimekatazwa kitu ambacho sikuwa nakifanya, na nikaruhusiwa kila kitu kingine. Ndivyo nilivyoelewa. Wala nisimsingizie kijana wa watu, alinipa onyo kamili, onyo zuri kabisa, isipokuwa alimpa mtu mwingine.

Farmasi nako mambo yalikwenda kama yanavyokwenda siku zote. Huku hatununui boksi zima la dawa. Nani ana hela ya boksi? Dada wa farmasi alilifungua, akakata vidonge kwa mkasi, akavihesabu ishirini na kimoja, akavitia kwenye bahasha ndogo ya kaki na kuandika juu kwa kalamu ya bluu: moja, moja, moja. Boksi likarudi rafuni. Pembeni mwa boksi hilo kuna alama ya pembetatu yenye picha ya gari katikati, na chini yake maneno ya Kifaransa yanayokuonya kuhusu usukani. Naijua alama hiyo vizuri sasa. Niliiona mara ya kwanza mahakamani, juu ya meza ya mwendesha mashtaka.

Siku tatu za kwanza nililala nyumbani, na dawa ilikuwa rafiki. Naomba wanaoongea ovyo wajue maumivu yale yalikuwaje. Kukohoa tu kulinitoa machozi. Kidonge kikishuka, baada ya nusu saa mgongo unanyamaza, na mwili wote unakuwa mwepesi na wa mbali kidogo, kama wa mtu mwingine ambaye una habari zake. Mke wangu aliniambia, unalala ukiwa umekaa. Nikamjibu ni uchovu wa maumivu. Niliamini hivyo, au nilitaka kuamini, siku hizi sitofautishi vizuri.

Siku ya nne mama mwenye kamyo akapiga simu. Mazutu, yaani dizeli, ilikuwa haipatikani nchi nzima, kama mnavyojua. Kamyo ilikuwa imekaa kwenye foleni ya kituo siku hizo tatu, mabidoni yamejaa kwenye stoo.

"Shofere, mazutu imekuja. Gari yetu iko ya saba ku laini. Mugongo iko namna gani?"

"Unaendelea vizuri, mama."

"Uniambie ukweli. Kama ungali mugonjwa, nitafute mwengine. Mimi siwezi kulaza mawese tena."

Mwengine! Neno hilo kwa dereva wa siku za mazutu kukosekana ni sawa na kuambiwa hama nyumba. Madereva walikuwa wamejaa barabarani mikono mitupu, na kila mmoja angelipokea usukani wangu kwa mikono miwili. Nikamwambia mama mimi nimepona. Nikatia bahasha ya dawa kwenye mfuko wa shati.

Kwenda hakukuwa na neno. Kidonge cha asubuhi nilikimeza Rumonge na chai, nikafika Bujumbura, tukashusha. Saa sita nikala wali na ndagala kwa mama mmoja jirani na soko, nikameza cha mchana, kama nilivyoandikiwa. Nikageuza gari.

Sasa nitasema jambo ambalo sikulisema pengine popote. Nilipopita Kabezi, niliona mti wa maembe upande wa kushoto, halafu nikaona daraja. Kati ya ule mti na lile daraja kuna kipande kirefu cha barabara, na kipande hicho sikukiona. Nilikipita. Mikono yangu ilikiendesha. Mimi mwenyewe sikuwapo.

Niliogopa. Nikajikaza kisabuni hadi Muhuta, pale ambapo ziwa limepanda na kuila barabara mpaka imebaki upande mmoja, nikasimamisha kamyo, nikashuka nikaenda majini. Nikanawa uso. Nikanawa shingo. Wanawake waliokuwa wanafua wakanisalimia, amahoro, nikawajibu amahoro, na ulimi ulikuwa mzito. Nilikaa juu ya jiwe labda dakika kumi. Nilijua. Mwili wangu uliniambia waziwazi kuwa hauendeshi gari leo. Lakini nikapiga hesabu ya dereva: kamyo ya watu iko barabarani, mazutu imebaki ya kufika tu, mama anangoja, Rumonge si mbali. Nikapanda.

Minago ilikuwa saa tisa alasiri, jua la ziwani linaingia kwa dirisha la kulia. Mbele yangu alikuwako mtu wa baiskeli, anakwenda upande uleule ninaokwenda, kabeba mabidoni manne ya mawese, mawili huku na mawili huku, anasukuma pedali taratibu pembeni kabisa mwa lami. Nimeulizwa mara nyingi nilimwona lini. Nilimwona baada ya kumgonga.

Mawese yalimwagika barabara nzima. Tulikuwa watu watano tunajaribu kumwinua, na kila tukimshika anateleza mikononi kwa sababu mwili mzima umepakwa mafuta. Mara ya kwanza akateleza, mara ya pili akateleza, na kila akiteleza alitoa sauti ambayo sitaieleza hapa. Mtu mmoja akaleta majivu kutoka jikoni kwake, tukajipaka mikononi, ndipo tukamshika. Mguu wa kulia ulikuwa umegeuka. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, na alikuwa ananiita muzee. "Muzee, mawese ya watu. Muzee, mawese ya watu." Ni hilo tu.

Ndipo polisi wakaja na chombo chao cha kupuliza. Na hapo ndipo nilipofanya ujanja ninaoujutia kuliko wote. Sisi watu wa barabara hii tunaishi kwa karatasi. Vizuizi ni vingi, na kila kizuizi kinataka yake: permi ya udereva, bima, kontroli ya ukaguzi, kadi ya gari. Mtu mwenye karatasi yenye muhuri hupita, asiye nayo huteremshwa. Kwa hiyo polisi alipouliza mbona macho yangu yako vile, nilitoa ile ordonansi ya daktari kwa fahari kabisa, muhuri wa zambarau chini yake, nikamwonyesha kama ninavyoonyesha bima. Nilidhani ni ruhusa. Dawa ya serikali, daktari wa serikali, muhuri wa serikali! Polisi akaisoma, akaikunja, akaitia mfukoni. Sikurudishiwa tena.

Mguu ule ulikatwa chini ya goti siku ya pili.

Mimi nililala rumande wiki mbili. Huko nilijifunza sheria kuliko maisha yangu yote. Sheria haikukatazi pombe tu. Inakukataza usukani ukiwa umetumia kitu chochote kinachokupunguzia uwezo wa kulitawala gari, na haijali kitu hicho umekipata baa au umekipata kwa daktari. Muhuri haukusaidii. Kosa likithibitika na mtu ameumia, kuna gereza, na permi inakwenda. Kwa mtu wa umri wangu permi ikienda haitarudi na maana yoyote.

Wakili wangu, metre kama tunavyowaita huku, alikuwa mtu mfupi mwenye kikohozi. Alisoma faili lote, akafika kwenye fishi ya hospitali, akaanza kutabasamu.

"Hapa wamekuandika mukulima."

"Ni karangamuntu, metre. Iko hivyo toka zamani."

"Vizuri sana. Na boksi ya dawa hukuiona?"

"Sikuiona."

"Na dogteri hakukuambia neno juu ya gari?"

"Aliniambia jembe."

Akafunga faili. "Basi wewe hukujua. Mbele ya juji useme hivyo tu. Usiongeze kitu. Ukiongeza, mimi sipo."

Mahakamani mwendesha mashtaka aliinua boksi. Akasema nilimdanganya daktari kuhusu kazi yangu, kwamba mtu aliyeficha kuwa dereva amejifungia mlango wa onyo mwenyewe. Kwa kweli hakukosea sana. Wakili wangu akasimama, akakohoa, akaomba wote waliomo mle ndani watoe karangamuntu zao watazame. Watu wakacheka. Hata karani wa mahakama alicheka, nadhani na yeye amelima miaka mingi kwenye kadi. Jaji, mama wa makamo mwenye miwani, hakucheka. Akanitazama.

"Kuna mtu yeyote aliyekuambia kwamba dawa hii inaleta usingizi?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Uliisoma mahali popote?"

"Hapana, mheshimiwa."

Nilisimama nikingoja swali la tatu. Naapa nililingoja. Kama yule mama angeniuliza ulijisikiaje barabarani, sijui ningesema nini. Labda ningesema. Aliandika kitu, akageuza ukurasa. Sheria ilitaka kujua nani aliniambia nini, na karatasi gani ilikuwa mkononi mwa nani. Kuhusu kipande kile cha barabara kati ya mti na daraja haikuwa na haja.

Shtaka la dawa likaanguka. Likabaki la uzembe. Permi yangu ikachukuliwa kwa miezi sita, kifungo kikaandikwa lakini sikukitumikia, na yule kijana akaambiwa asubiri bima ya kamyo, ambayo hadi leo inaandika barua. Wakili alinipa mkono kwenye ngazi. "Ile kadi imekuokoa, muzee," akasema, na nikamchukia pale pale. Nikamshukuru.

Nyumbani walifanya maombi ya shukrani. Nilikaa katikati ya watu wanaoimba na nilikuwa na hasira na kila mmoja wao. Nilikuwa na hasira na karani, na daktari mwenye haraka, na mkasi wa dada wa farmasi, na mama wa mawese ambaye alikwishapata mwengine siku ya tatu ya rumande yangu, na nchi isiyo na mazutu, na wale waliotufundisha kwenye mstari kusema mkulima. Bado ninayo hasira hiyo. Mimi si mtu mwema anayeandika haya ili aonekane ametulia.

Lakini kwetu, ukimwumiza mtu, kesi ya mahakama hata ikiisha, ya nyumbani bado. Lazima uende kwa miguu yako kuomba msamaha, na huendi peke yako. Unakwenda na mzee wa kanisa awe mdomo wako, na hamwendi mikono mitupu. Tulibeba sukari, sabuni na kreti ya soda, tukafika Minago Jumapili baada ya ibada.

Kijana alikuwa amelala ndani, hakutaka kutoka. Mke wake alitupokea uani, akatandika mkeka, akaketi mbele yetu na kisu mkononi akimenya mihogo, kwa sababu ugeni wetu haukuwa wa kumwachisha kazi. Mzee wa kanisa akasema yanayosemwa. Akasema ajali hazina mwenyewe, akasema huyu mliyemwona ni ndugu yenu, akasema hata mahakama imeona. Akamaliza. Ilikuwa zamu ya yule mama kujibu, na jibu linajulikana, ni neno moja: tumesamehe.

Aliweka kisu chini.

"Musamaha tutawapa," akasema. "Sisi ni wakristo, hatuwezi kukatala. Lakini mimi nataka kujua ninasamehe nini." Akanigeukia mimi, si mzee. "Muzee, mahakamani walisema dawa. Mimi sijui mambo ya dawa. Niambie kitu kimoja tu. Ile siku, mbele ya kumugonga bwana yangu, ulikuwa unasikia usingizi?"

Siku za rufaa zilikuwa hazijaisha. Wakili alikuwa ameniambia, neno likitoka mdomoni mwako likafika parike, kwa waendesha mashtaka, wanafungua faili upya, na safari hii ni gereza. Mzee wa kanisa alikuwa ananitazama. Majirani walikuwa wamesimama kwenye ua. Kutoka ndani, kitanda kililia, kama vile kijana naye amejigeuza asikie.

"Hapana, mama," nikasema. "Sikusikia usingizi."

Akakubali kwa kichwa. Niliona mabega yake yakishuka, kama ya mtu aliyetuliwa mzigo. Nadhani alikuwa amehofia nitasema ndiyo.

"Basi ilikuwa bahati mbaya," akasema. "Bahati mbaya tunaisamehe."

Alinipa mkono wenye maji ya mihogo. Tulikunywa soda, tukaomba, tukaondoka, na mzee wa kanisa alizungumza njia nzima. Permi ilirudi, na barabara ile nimeipita mara nyingi sana tangu hapo. Kila nikipita mbele ya nyumba ile mama yule hunipungia mkono, na mimi humpungia, maana yeye ameshamaliza kunisamehe.